Nyumba Yetu Imetoa Mtu

Jumapili, 9 Novemba

Nimeiona timu yangu mpya. Inaitwa Viboko wa Katuma, mto wa huku kwetu, na aliyeibatiza hivyo hakuwa mwongo: ni wazito, hawana haraka, na furaha yao kubwa ni matope.

Uwanja uko nyuma ya mashine ya kukoboa mpunga ya Mzee Fabiani, hapa Mwamkulu. Fabiani ni tajiri wa mpunga kutoka Majimoto, na ndiye mwenye timu. Sakafu ni ya saruji iliyojaa nyufa, na upepo ukigeuka pumba zote za mashine zinahamia uwanjani. Nimeuliza nani huwa anafagia. Wakatazamana.

Niandike nimefikaje hapa, ili siku mambo yakininyookea nisijisahau. Miaka sita Dar es Salaam nimeishi kwa mpira wa kikapu tu, bila kazi nyingine. Jina langu Libérat, wao waliniita Libe. Mwaka jana goti la kulia likaumia, klabu ikaniaga kwa maneno matamu na nafasi yangu akapewa kijana wa miaka kumi na tisa. Onesphore, wakala wangu, akanipatia mkataba wa msimu mmoja huku nilikozaliwa. "Kacheze tu, Libe," aliniambia. "Watu waone goti ni zima. Mvua zikiisha nakurudisha mjini." Kwa hiyo nimekuja kuonyesha goti. Anayedhani nimerudi nyumbani amekosea.

Nyumba ya mama yangu, Séverine, haiko mbali na uwanja. Nilimkuta amenitandikia kitanda. Nikamwambia nimepanga chumba mji wa hapa jirani, karibu na soko, mchezaji anahitaji utulivu. Akaitikia, akakitandua.

Jumanne, 11 Novemba

Mazoezi saa kumi jioni. Saa kumi tulikuwa wawili, mimi na mbuzi.

Ijumaa, 14 Novemba

Leo nimeujua ugonjwa wa timu hii, na hauna dawa.

Kocha wetu, Mzee Ponsian, ni Mpimbwe, mwenyeji wa asili wa huku, mtaratibu, mtu wa misa kila asubuhi, na tena ni mwenyekiti wa kitongoji. Ana filimbi moja. Akiipuliza asubuhi, watu wanatoka na majembe kwenda msaragambo, kazi ya pamoja ya kitongoji, wakazibue mtaro au wajaze mashimo ya barabara. Akiipuliza jioni, wanatoka kuja kucheza kikapu. Tofauti ya mambo haya mawili hajaiona. Kwenye msaragambo sheria ni kwamba kila nyumba itoe mtu, yeyote, mradi mtu. Basi leo Gabrieli, mgawa mpira wetu, ambaye ni dereva wa bodaboda, amepata abiria wa kwenda Majimoto. Hakuja. Amekuja baba yake mdogo, na mabuti yake ya mvua, akajipanga kwenye mstari pamoja nasi.

"Nyumba ya akina Gabrieli ipo," kocha akasema, akaendelea na mambo yake.

Nikamsogelea. "Mwenyekiti, kwa heshima zote, huyu mzee atacheza nafasi gani?"

"Atasimama. Kuna kazi za kusimama."

"Na Gabrieli mwenyewe atajifunza saa ngapi?"

"Nitamweleza nyumbani," akajibu baba mdogo, bila wasiwasi wowote.

Nimekabana na wachezaji wa timu za taifa za nchi tatu. Leo nimekabwa na mzee mwenye mabuti, na amenikanyaga.

Jumatano, 19 Novemba

Mvua ya kwanza ya maana. Uwanja umekuwa bwawa. Wenzangu wamefurahi, wamekwenda kupanda mahindi.

Jumamosi, 29 Novemba

Mechi ya kwanza ya ligi, na Urambo wametufunga. Nimetia pointi ishirini na mbili. Wengine wote kwa pamoja hawakunifikia. Osward, jitu letu la chini ya kikapu, mchana kutwa anabeba magunia kwa Fabiani, na mpira nao anaushika kama gunia. Anaukumbatia, anaupandisha begani, kisha anatafuta pa kuutua. Wakati huo Urambo wameshamzunguka mara mbili.

Baada ya mechi walikaa chini wakala wali na maharage huku wakicheka. Nilikula pembeni. Mtu akifungwa anapaswa angalau kununa kidogo, ndiyo adabu.

Alhamisi, 4 Desemba

Gabrieli amechelewa. Nikasubiri nione atapewa adhabu gani, nikidhani walau hapa kutakuwa na akili.

"Aliyechelewa msaragambo hapewi jembe," kocha akasema. "Anapewa ndoo."

Ndiyo desturi yao. Mchelewaji haingii kazini tena. Kazi yake ni kuwatekea maji waliotangulia mpaka wamalize. Gabrieli akachukua ndoo bila kinyongo, akaenda bombani, akatugawia kikombe kwa kikombe. Mazoezi yote tukakosa mgawa mpira, lakini maji tulikunywa.

Jumamosi, 13 Desemba

Tumefungwa.

Jumamosi, 20 Desemba

Tumefungwa. Nimetia thelathini. Walioshuhudia ni ng'ombe wa Wasukuma waliokuwa wakipita, nao hawakusimama.

Alhamisi, 25 Desemba

Krismasi kwa mama. Wali, kuku, na soda aliyoificha tangu wiki iliyopita. Tulikula vizuri mpaka akaharibu.

"Jumatano kuna msaragambo wa mtaro," akasema. "Utaweza kwenda?"

"Mama, mkataba wangu ni wa mpira."

"Basi nitakwenda mimi."

Dada yangu Spès ameolewa Majimoto, baba alishafariki, kwa hiyo nyumba yetu ni mama peke yake, na mama amepita miaka sitini. Nikamwambia awaambie amezeeka, watamsamehe.

"Filimbi haiulizi umri, mwanangu. Inauliza mtu."

Akaanza tena hadithi yake, ambayo nimeisikia tangu nikiwa mfupi. Walipohamia hapa kutoka Katumba, kwenye makazi ya waliokimbia Burundi, hawana ndugu wala kipande cha ardhi, watu waliwaita wakimbizi, na watoto waliwaimba njiani. Siku baba alipotoka na jembe kwenye msaragambo wa kwanza, mwenyekiti wa wakati ule akasema mbele ya watu kwamba nyumba hii nayo imetoa mtu. "Tangu siku ile ndiyo tukawa nyumba," mama akamalizia, kama anavyomalizia siku zote. Nikamwambia siku hizi tuna vyeti vya uraia, tena vina mhuri. Akasema ni kweli, mhuri ni mzuri, akaniongezea kuku.

Jumamosi, 17 Januari

Leo tumeshinda, na leo hii hii tumeshindwa. Naandika nikiwa na hasira, kwa hiyo mwandiko usilaumiwe.

Tulicheza na Kaliua hapa nyumbani. Osward hakuonekana. Badala yake akaja mdogo wake, Elia, kijana mrefu mwembamba, amevaa jezi ya Osward inayompwaya kama kanzu. Nikaona nyota yetu imezimika. Kumbe yule kijana anaruka. Alidaka kila mpira uliogonga ubao, akakimbia, akanipa pasi mahali nilipotaka, na kwa mara ya kwanza tangu nije huku nikacheza mpira wa kikapu. Tukawafunga Kaliua kwa pointi nane. Watu wa mashine walipiga madebe. Mzee Fabiani mwenyewe alinipa mkono, na mkono wake ulikuwa na unga, sikujali.

Ndipo nahodha wa Kaliua akamwendea refa. "Yule mnene yuko wapi? Osward ninayemjua mimi ni mnene."

Refa akamwita kijana. "Jina lako nani?"

"Elia."

"Hapa kwenye karatasi kumeandikwa Osward."

"Osward yuko jarubani anapandikiza mpunga," akasema Elia. "Maji yamefika leo. Nyumba yetu imetoa mtu."

Refa akamgeukia kocha, nadhani akitegemea kocha atakana, atababaika, au atashtuka hata kidogo. Mzee Ponsian akaitikia kwa kichwa kwa furaha. "Kweli kabisa, mwalimu. Baba mmoja, mama mmoja. Nyumba ni ile ile, ndiyo maana sikubadilisha."

Nimewahi kucheza na wadanganyifu. Wana faida yao, maana wanajua wanachofanya ni kosa, na wakiulizwa wanadanganya hadi mwisho. Hawa hawakudanganya mtu. Walimpeleka mchezaji asiyesajiliwa mbele ya watu wote, mchana kweupe, na walipoulizwa wakaeleza kila kitu hadi habari za maji ya jaruba. Sikio la kufa halisikii dawa, na hili halijui hata kama linaumwa.

Jumatano, 21 Januari

Kamati ya ligi imeufuta ushindi wetu na kutukata pointi nyingine juu yake. Sasa tuko mkiani. Timu mbili za mwisho zinashuka daraja, na Fabiani ameshasema timu ikishuka ataivunja, hawezi kulisha viboko wasio na ligi.

Kwenye kikao nilisema yote. Niliwauliza, "Nyie mnacheza ligi au mnalima barabara?" Halafu Osward akasimama, kichwa kinagusa paa la banda.

"Samahani, kaka Libe. Mimi nilijua kosa ni kutotoa mtu kabisa."

Akakaa.

Ijumaa, 23 Januari

Elia amesajiliwa, kwa jina lake. Nimesimama hapo hapo mpaka kocha alipomaliza kuandika.

Jumamosi, 7 Februari

Goti.

Jumapili, 8 Februari

Lilijipinda kwenye robo ya pili, nilipotua kwenye pumba zilizolowa. Niliwaambia wafagie. Nililala pale chini nikafikiri ndiyo basi, nimemaliza kazi yangu ya maisha kwenye sakafu ya mashine ya mpunga. Niliogopa kuliko nilivyowahi kuogopa.

Osward alinibeba mgongoni hadi barabarani kwenye pikipiki ya Gabrieli. Nilimwambia aniweke chini, nitaruka kwa mguu mmoja. Akasema, "Tulia kaka, wewe ni mwepesi, hufikii hata gunia la mahindi." Hospitali wamesema halijapasuka, limevimba tu. Nipumzike mwezi. Chumbani kwangu mjini hakuna wa kunitekea maji, kwa hiyo nimehamia kwa mama. Kitanda nilikikuta kimetandikwa.

Jumanne, 17 Februari

Asubuhi filimbi ililia karibu sana na dirisha. Nikatazama nje. Timu nzima imesimama kwenye shamba la mama, na majembe.

"Kuna nini?" nikamwuliza kocha nikiwa mlangoni, mguu juu ya kigoda.

"Palizi. Mtu wa nyumba hii ameumia akiwa kazini."

"Kazini wapi?"

Akanitazama kama anayemtazama mtoto aliyesahau jina lake. "Si uwanjani?"

Sikuwaomba. Niandike kabisa kwamba sikuwaomba. Wamepalilia mahindi yote ya mama na nusu ya karanga, wakiimba nyimbo za kwaya kila mmoja kwa sauti anayoitaka. Gabrieli amekata mahindi mawili na kuyasimamisha tena kwenye udongo ili yasionekane. Osward alilima mistari yake akahamia ya wenzake. Uwanjani sijawahi kumwona anamsaidia mtu hivyo bila kuambiwa, na nikajikuta nafikiri kwamba labda ningemweleza ulinzi wa chini ya kikapu kwa lugha ya palizi angeuelewa. Mama aliwapikia ugali wa muhogo na dagaa. Walikula kwa kelele chini ya dirisha langu mpaka nikatoka kwenda kukaa nao, maana usingizi haukuwezekana.

Jumatano, 11 Machi

Nimeanza mazoezi. Nimemwambia Osward, "Mstari wako ukiisha, hamia kwa mwenzako." Ameelewa kwa siku moja kitu ambacho makocha wawili walishindwa kumfundisha. Mpira bado anaupandisha begani.

Jumamosi, 21 Machi

Tumeshinda. Wenyewe, kwa majina yetu halisi.

Jumamosi, 28 Machi

Tumeshinda tena, mvua ikinyesha. Elia na mimi tumeanza kuelewana bila kuitana. Bado ni timu mbovu. Lakini ubovu wake nimeuzoea, na kuna watu ndani yake ambao nisingependa wacheke bila mimi.

Jumatatu, 6 Aprili

Pasaka imepita, mvua haijapita. Onesphore amepiga simu.

"Libe, mzee, nimekupata. Kuna klabu, kocha wao anataka kukuona uwanjani Jumapili jioni. Wanatafuta mtu wa umri wako, mzoefu. Panda basi la Jumamosi alfajiri, Jumapili asubuhi uko Dar."

"Jumamosi tuna mechi. Ya mwisho. Na Sikonge."

"Timu gani hiyo?"

"Yangu."

Akacheka, si kwa ubaya. "Ile ya mpunga?"

Anayeshinda kati yetu na Sikonge anabaki kwenye ligi, anayeshindwa anashuka. Nimeketi na simu mkononi jioni yote. Nina miaka thelathini na moja na goti moja na nusu. Simu kama hii haipigwi mara mbili. Watu hawa walikuwepo kabla yangu, na wana mtu wa kutuma kwa kila kitu.

Ijumaa, 10 Aprili

Baada ya mazoezi kocha alisema, "Kesho saa tisa, kila nyumba." Alitutazama wote, mimi kama wengine. Nikafunga kamba za viatu ambazo zilikuwa zimeshafungwa.

Mama nimemwambia jioni. Alikuwa amefua jezi yangu, namba kumi na nne, akaianika karibu na jiko kwa sababu ya mvua.

"Umemwambia mwenyekiti?"

"Nitampigia nikifika."

Akaigeuza jezi upande wa pili ikauke. "Na kesho nyumba yetu?"

"Mama, huu ni mpira. Si barabara."

Nimepanga begi. Jezi nimeiacha hapo hapo, kule ninakokwenda watanipa nyingine.

Jumapili, 12 Aprili

Niandike ya jana yote, hata yale nisiyoyataka.

Basi liliondoka alfajiri. Tulipopita Inyonga tukakuta maji yamevuka barabara, na malori yamepanga foleni. Dereva alisubiri mpaka jua likawa juu, akauliza wenyeji, akaingiza fimbo majini, kisha akageuza. Abiria walilalamika. Mimi nilikuwa napiga hesabu. Nilijiambia kama maji yananirudisha, basi ni Mungu anataka nicheze na Sikonge, na Viboko watafurahi kuniona. Nilishaanza hata kupanga nitaingiaje uwanjani.

Nilifika Mwamkulu kwa bajaji, begi mapajani, mechi imeingia robo ya tatu. Watu walikuwa wengi, wengine juu ya ukuta wa mashine. Sikonge walikuwa mbele kwa pointi nne. Nikapita katikati ya watu hadi kwenye benchi letu.

Mama yangu alikuwa amekaa kwenye benchi.

Alikuwa amekaa mwisho, mahali pangu, mikono magotini, mgongo umenyooka. Juu ya gauni lake la kitenge alikuwa amevaa jezi namba kumi na nne. Ilimfika magotini. Chini alikuwa na viatu vyake vya kanisani, na vilikuwa na matope. Alitazama mchezo kwa makini sana, na mchezo wenyewe hajawahi kuuelewa.

Hakuna aliyecheka. Hilo ndilo lililonimaliza. Uwanja mzima umejaa watu, na hakuna mmoja aliyeona kuna cha kuchekwa.

"Mama," nikasema. "Unafanya nini hapa?"

"Mwenyekiti alipuliza filimbi." Alisema huku akitazama mpira. "Umerudi?"

Ningeweza kusema ndiyo. "Basi limerudi," nikasema.

"Nivulie jezi, mama, niingie," nikaongeza.

Mzee Ponsian akanisikia. Alikuja taratibu, akasimama mbele yangu akinitazama juu, maana ni mfupi. Hakuwa na hasira. Ningeipokea hasira kwa mikono miwili.

"Jina lako halimo kwenye karatasi, baba," akasema. "Nilipitia nyumbani kwenu saa nane. Mama akasema umesafiri. Tangu yale mambo ya Elia, siandiki mtu ambaye simwoni."

"Mwombeni refa."

"Umetufundisha mwenyewe. Sheria ni sheria." Akaokota kitu nyuma ya benchi. Ilikuwa ndoo.

Nikaipokea. Nilikwenda bombani mbele ya watu wote wa Mwamkulu, mimi na urefu wangu wote, nikasimama nyuma ya kinamama wawili wenye madumu, wakanipisha kwa kuwa mechi inaendelea. Nikarudi nayo imejaa. Katika mapumziko ya robo nikawanywesha. Gabrieli alikunywa akaniambia, "Karibu kaka." Osward alikuwa na faulo nne, anahema. Akanirudishia kikombe na kuniuliza, "Yule mrefu wao nimzuie wapi?" Nikamwambia amsukumie upande wa kushoto, kulia ni hodari. Akaitikia.

Nikafika kwa mama. Alikipokea kikombe kwa mikono yote miwili, akanywa taratibu mpaka akamaliza, akanirudishia.

"Asante," akasema, kama anavyomwambia mtu yeyote anayempa maji.

Tulifungwa kwa pointi tatu. Elia alicheza vizuri kuliko nilivyowahi kucheza mimi hapa, na Osward alimsukumia yule mrefu kushoto mpaka faulo ya tano ilipomtoa. Dakika za mwisho walibaki wamechoka, wanapiga mipira ya mbali kwa kubahatisha, na kila mpira uliogonga chuma nilijua kabisa ningesimama wapi kuudaka. Pointi tatu. Mimi hutia kumi na tano nikiwa na mafua.

Sikonge walishangilia. Watu wetu wakakaa chini wakala wali na maharage. Mara hii hawakucheka sana. Nikasubiri mtu aniseme. Nilikuwa nimeshatayarisha majibu, ya wakala, ya umri, ya goti. Hakuna aliyeuliza, na majibu yamebaki na mimi.

Jioni nilimwambia mama, "Nimekuaibisha."

Alikuwa anaifua ile jezi. "Aibu ingekuwa nafasi kubaki wazi," akasema. "Haikubaki."

Alhamisi, 16 Aprili

Fabiani hajaivunja timu bado. Amesema tuzibe kwanza nyufa za uwanja, aone kama kuna watu. Saruji ameitoa, na kocha amepitisha tangazo kwamba Jumamosi ni msaragambo wa uwanja, kila nyumba. Watachanganya mchanga mwingi na saruji kidogo, nawajua, na mwezi wa sita nyufa zitarudi zikiwa na watoto.

Mchana Onesphore amepiga.

"Una bahati wewe. Kocha amekubali kukuona Jumapili hii. Barabara imefunguka, nimeuliza. Panda basi la Jumamosi."

Nilitamani kwenda, sitaki kusema uongo hapa. Nilikuwa nje, na mama alikuwa pembeni ya nyumba ananoa jembe kwenye jiwe. Hakuniuliza Jumamosi nitakuwa wapi. Tangu jana ananoa tu, taratibu, upande mmoja kisha mwingine.

"Jumamosi siwezi," nikasema. "Nina zamu."

"Zamu ya nini?"

"Kuziba nyufa."

"Libe, sikia. Kocha hasubiri, na mimi sitapiga tena. Kuziba nyufa ndiyo kazi ya kukukosesha klabu? Huko nyumbani kwenu hakuna mtu mwingine wa kutuma?"

"Yupo mmoja tu," nikamwambia. "Alishakwenda."

Akakata. Nikaenda nikamwomba mama jembe, nikamalizia kulinoa mwenyewe. Kocha amesema tuanze saa moja kamili asubuhi. Nawajua watu hawa. Saa moja tutakuwa wawili, mimi na mbuzi.